Jumamosi yangu chini ya boneti
Wiki nzima Corolla yangu ya 1998 ilikuwa inamisi, yaani injini inarukaruka, haichomi mafuta sawasawa. Ukisimama kwenye foleni, gari zima linatetemeka kama lina malaria. Fundi mmoja akanishauri ninunue injini nyingine ya mtumba. Nikasema ngoja kwanza.

Jana nikachomoa waya wa plagi ya tatu: umelowa oili chapachapa! Kumbe gasketi ya kava ya tapeti (mpira wa kuziba chini ya mfuniko wa juu wa injini) imezeeka, ngumu kama biskuti, inakatikia mkononi, na oili inavujia kwenye mashimo ya plagi. Kukwangua mabaki tu kulinila saa mbili (msitumie bisibisi jamani, silinda hedi, pale kava inapokalia, ni ya alumini, inachubuka). Nikaweka gasketi mpya, nati za kava nikazikaza kwa zamu, kidogo kidogo.

Kuwasha: paa! Majirani wakachungulia. Mpangilio wa kuchoma, yaani zamu ya kila plagi kurusha cheche, ni 1-3-4-2, mimi waya za plagi nilirudisha kwa kubahatisha. Mke wangu dirishani: "Baba watoto, nikuitie fundi?" Nikajifanya sijasikia.

Nikazipanga upya, ikaitika kwa starti moja. Imetulia tuli. Kucha ndizo bado nyeusi, leo pilau nimeila kwa kijiko.