Jumamosi ya maswali matano

Kijitabu kilikuwa na maswali 200, na majibu yake yamepangwa ukurasa wa mwisho: 1C, 2A, 3A, 4D. Kilikuwa kopi ya kopi ya kopi, mpaka maneno ya pembeni yamekatika, na hakuna aliyejua nani alikitunga. Ilikuwa mwaka 2018, tumebakiza wiki moja kufanya mtihani wa mwisho wa diploma ya uuguzi na ukunga, na sisi wanne tulikuwa tumekimaliza mara mbili. Ungetuamsha usiku wa manane ukasema "swali la 17", tungekujibu "A" hatujafumbua macho.

Jumamosi ile tuliingia chumba cha mazoezi saa 3 asubuhi. Tulimkuta Sista wa leba, mama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, anahesabu vifaa. Alitusikiliza tukiulizana kwa dakika kama 10, kisha akanyoosha mkono kuomba kijitabu. Akachana ukurasa wa majibu, akaukunja, akautia mfukoni mwa gauni lake jeupe. Akaleta trei, mabomba ya sindano ya mililita 10 na 20, na vichupa vitupu ambavyo alivijaza maji na kuvibandika plasta yenye maandishi ya kalamu.

"Swali la 17," akasema. "Na msinipe herufi, wanangu. Nipeni dawa."

Swali lilikuwa hivi: mama mwenye kifafa cha mimba ameandikiwa gramu 4 za magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kwenye mshipa, katika mchanganyiko wa asilimia 20. Ampuli zilizopo ni za asilimia 50, mililita 10 kila moja. Utavuta mililita ngapi, na utaongeza maji ya sindano kiasi gani? A: 4 za dawa na 16 za maji. B: 8 na 12. C: 10 na 10. D: 20 za dawa bila maji.

Mwenzetu wa kwanza alichukua bomba la mililita 20, akavuta 4 kutoka kichupa cha "50%", akajazia maji mpaka 20. Sista akamuuliza humo ndani mna gramu ngapi. "Nne." Kwa nini? "Kwa sababu nimevuta mililita nne."

Kosa lilikuwa hapo. Asilimia ni gramu ndani ya mililita 100. Asilimia 50 ni gramu 50 ndani ya mililita 100, kwa hiyo kila mililita moja imebeba nusu gramu. Mililita 4 ni gramu 2 tu, na ukizijazia maji mpaka 20 umepata mchanganyiko wa asilimia 10, yaani nusu ya dozi. Mama huyo atapigwa degedege tena, na wewe utaandika kwenye faili kwamba dawa ameshapata. Gramu 4 zinataka mililita 8, na 12 za maji zinazoongezwa zinafanya 20. Jibu ni B. Ufunguo wa kijitabu ulisema A, nasi tulikuwa tumeukariri mara mbili.

Sista hakuishia kwenye jibu. Alitaka tumweleze kila herufi iliyobaki ni kosa la nani. A ni ya anayedhani mililita na gramu ni ndugu mapacha. C ni ya anayevunja ampuli moja na kuitia yote kwa sababu kubakiza dawa kunamtia kinyaa. Huyo ametoa gramu 5, na mchanganyiko wake ni asilimia 25. D ni ya aliyesoma "20" kwenye swali akaikimbilia. Huyo anaingiza gramu 10 za dawa isiyochanganywa moja kwa moja kwenye mshipa. Mtunzi mzuri wa maswali haokoti namba barabarani. Kila jibu la uongo analijenga juu ya kosa ambalo mtu fulani hulifanya wodini. Mpaka siku ile mimi majibu ya uongo nilikuwa nayasoma kama takataka za kuruka.

Kisha akatutaka tuisukume. Mililita 20 kwa dakika zisizopungua 5 ni mililita 4 kwa dakika, yaani moja kila sekunde 15. Saa ya ukutani ilikuwepo. Wa kwanza alimaliza kwa sekunde 40. Wa pili, ambaye ni mimi, nilifika dakika 2 nikiamini nimekwenda kama konokono. Bomba kubwa linadanganya kidole gumba. Ukikimbia, mama anapata joto kali la ghafla na kichefuchefu, presha inaweza kushuka, na pumzi inaweza kusimama. Hata ukienda taratibu joto hilo atalisikia kidogo, kwa hiyo mwambie kabla hujaanza kama anakusikia.

Dozi ya kuanzia haijaisha hapo. Kwa utaratibu tuliofundishwa inafuata gramu 10 kwenye misuli: gramu 5 kila tako, kwa kina, robo ya juu ya nje. Gramu 5 za asilimia 50 ni mililita 10, na ndani ya bomba hilohilo unaongeza mililita 1 ya lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 kwa sababu dawa hii inauma vibaya. Mwenzetu wa Kigoma alichukua bomba la mililita 10, akavuta dawa mpaka mwisho, ndipo akabaki anaitazama lignokeini. Kumi na moja haziingii kwenye kumi. Hakuna swali la kuchagua herufi lililowahi kutuuliza hilo. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, tako moja moja kwa zamu, mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililokuja baadaye.

Swali la 18 liliuliza utaangalia nini kabla ya kila dozi ya kuendeleza. Tulijibu kwa pamoja kama watoto wa chekechea: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Sista akainua mfuko wa mkojo wenye mililita 100. "Ulimwagwa saa 4 zilizopita. Mnampa dozi?" Wawili wakasema ndiyo, maana 100 inaonekana nyingi. Thelathini mara nne ni 120. Dozi inasubiri. Magnesiamu inatoka mwilini kwa njia ya figo, na figo zisipotoa mkojo dawa inajikusanya. Goti ndilo linaloacha kuruka kwanza, pumzi zinafuata, kwa hiyo anayehesabu pumzi tu anaipata habari imechelewa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, ikae kwenye trei tangu mwanzo. Ikihitajika inaingia mshipani polepole. Na hesabu pumzi dakika nzima. Sekunde 15 mara nne zinampa mtu anayehema ovyo namba isiyo yake.

Swali la 23 ndilo lililotuletea ugomvi. Mama wa wiki 36, presha 170/110, ameanza degedege mbele yako. Utaanza na nini? Mmoja akasema magnesiamu, mwingine akasema kupima presha upya. Sista akaagiza mwenzetu mrefu kuliko wote apande kitandani na kutikisika. Basi alitikisika kweli, kitanda kikagonga ukuta. Mmoja wetu akamkandamiza mabega, mwingine akakimbilia kijiko, kwa sababu kijitabu kilisema uweke "kitu laini katikati ya meno". Sista akakinyakua kijiko hewani. Usiweke kitu mdomoni: utavunja meno, utajeruhi ulimi, au utaziba njia ya hewa uliyotaka kuilinda. Usimkandamize, mzuie tu asianguke. Piga kelele kuita msaada bila kuondoka, mlaze ubavu wa kushoto, safisha njia ya hewa, mpe oksijeni. Watu wakifika mmoja anavuta magnesiamu, mwingine anatafuta mshipa, wa tatu anaweka katheta, mpira wa kutolea mkojo. Namba ya chini ya presha ikiwa 110 au zaidi nayo inataka dawa yake, kwa mfano haidralazini miligramu 5 mshipani taratibu, kwa kuwa magnesiamu inazuia degedege, haishushi presha kwa kiasi cha kutegemewa. Maswali ya "utaanza na nini" huwa na majibu mawili au matatu yaliyo sahihi yote. Kinachopimwa ni mpangilio, na njia ya hewa hutangulia sindano.

La 52 lilikuwa la dripu, na sitalichelewesha. Lita 1 kwa saa 8, seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita. Mtu mmoja (simtaji, alikuwa ameketi kwenye kiti changu) aliandika 1000 mara 20 gawanya kwa 8, akapata matone 2,500 kwa dakika. "Hiyo si dripu mwanangu," Sista akasema, "hiyo ni masika." Saa 8 ni dakika 480, na jibu ni matone 42. Kisha akatupa njia yake ya mkato: tafuta kwanza mililita kwa saa, hapa 125. Seti ya 20, gawanya kwa 3. Seti ya 15, gawanya kwa 4, unapata 31. Seti ndogo ya matone 60, namba ni ileile, 125. Namba ya seti imeandikwa kwenye pakiti, na pakiti ndiyo kitu cha kwanza tunachotupa. Ukishafungua dripu, rudi baada ya dakika 15 uhesabu tena: mgonjwa akikunja mkono matone yanabadilika.

Swali la 88 lilinikaa kichwani kuliko mengine. Mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali, kichupa cha atesuneti cha miligramu 60, utampa mililita ngapi mshipani? Kijitabu kilisema 3. Tulichanganya kwa maji na chumvi ya mezani iliyojifanya dawa: kwanza mililita 1 ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, tikisa mpaka unga wote uyeyuke na kioevu kiwe angavu, ndipo mililita 5 za maji ya chumvi. Maji ya sindano hayatumiki hapa. Jumla ni mililita 6, kila moja ina miligramu 10. Kwa msuli unaongeza mililita 2 badala ya 5, na kila mililita inakuwa na miligramu 20. Kikibaki na ukungu, tupa. Kikipita saa 1, tupa.

Hesabu ya kijitabu haikuwa na kosa hata moja. Miligramu 2.4 kwa kila kilo, mara kilo 12, ni 28.8, ukipandisha unapata mililita 3. Lakini tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015, mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo: 36, yaani mililita 3.6, inayopandishwa kuwa 4. Dozi tatu za mwanzo ni saa sifuri, saa 12 na saa 24, na akiweza kumeza baada ya hapo anamaliziwa dawa mseto kwa siku 3. Ufunguo ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa, kisha ukaoza kimyakimya. (Patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, nayo ilikuja kuhama: mwaka 2020 shirika hilohilo lilitoa mwongozo wa uchungu unaoanza kuhesabu hatua ya nguvu mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 5, sisi tulikuwa tumekariri 4.)

Kuanzia hapo kila swali tulilipa mistari mitatu pembeni: fomula, mwaka wa mwongozo, na kosa lililojificha kwenye kila herufi isiyo jibu. Ilipofika saa 7 mchana Sista alikwenda zamu na ukurasa wa majibu ukiwa bado mfukoni mwake. Sisi tulibaki kupangusa sakafu iliyolowa maji. Mwenzetu wa Kigoma alikuwa ameegemea ufagio, anapiga hesabu: maswali 5 kwa saa 4, je, 200 yatachukua saa ngapi? Akasema 160. Wote watatu tukamuuliza kwa mpigo kama ameshaangalia pakiti.