Mtu wa 15 kwenye mstari wa zege

Slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili tuliimwaga Machi 2015, Kijitonyama, Dar es Salaam. Mita za mraba 60, unene sentimita 15, mifuko 57 ya saruji. Mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, iko chini, karai zinapanda kwa mkono, watu 14 kwenye ngazi ya mirunda wakipokezana. Wanne kati yao walikuwa wanawake.

Zege halisubiri. Ukisimama muda mrefu kwenye jua lile, la mwanzo linashika, jipya haliungani nalo, na masika yakija maji yanapita papo hapo uliposimama. Kwa hiyo saa nne, mama mwenye mtoto wa miezi minne alipomwambia fomeni, "Kaka, maziwa yamenijaa," alijibiwa, "Vumilia mama, tumalizie." Tulimaliza saa tisa. Blauzi ilikuwa imelowa, titi la kushoto gumu kama jiwe, na usiku ule alishikwa na homa.

Msichana aliyepokea karai juu alikuwa kwenye hedhi. Tangu asubuhi hakunywa maji ili asilazimike kwenda chooni, maana choo kilikuwa kimoja cha wote, hakina komeo wala maji. Saa saba kizunguzungu kilimpata ukingoni mwa slabu, mita 6 kutoka chini. Mwenzake alimdaka mkono.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inampa anayenyonyesha muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Tuliijua. Hatukuwa tumeweka mtu wa kushika nafasi yake.

Kabla ya slabu ya tatu tulijenga chumba cha plaiwudi, mita 2 kwa 2, paa la bati limeinuliwa kidogo ili upepo upite. Mara ya kwanza tulikiweka nyuma ya mikisa, karibu na bomba, na vumbi la saruji likajaa humo siku moja tu. Tukakihamishia getini, upande upepo unakotokea, ili bibi amlete mtoto bila kupita chini ya jukwaa. Ndani: komeo, kigoda, ndoo ya koki ya lita 20, sabuni, msumari wa kutundikia kanga safi. Saruji mbichi inaunguza ngozi, hivyo mama ananawa hadi viwikoni na kubadili nguo ya juu kabla hajamshika mtoto. Anayekamua maziwa anahitaji kisanduku cha baridi chenye barafu. Maziwa yanakaa kwa muda wa saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Machi Dar joto hupita nyuzi 25.

Choo cha wanawake tulikitenga, chenye maji na ndoo ya mfuniko yenye mfuko, unaofungwa na kutolewa kila jioni. Pedi zikitupwa shimoni huziba bomba la gari la kunyonya maji taka. Paketi za akiba fomeni alitaka zikae ofisini kwake. Tulikataa: hakuna binti atakayekwenda kumwomba pedi mwanamume mbele ya vibarua 40. Zikawekwa chooni humo humo, kwenye boksi.

Lakini vyote hivyo visingesaidia kitu siku ya zege bila watu wawili wa ziada. Mstari ukawa wa watu 16, wawili wakipumzika kwa zamu ya nusu saa, wanaume kwa wanawake. Anayetaka kunyonyesha au kubadili pedi anakwenda zamu yake ikifika, na ikimbana mapema anabadilishana na mwenzake. Haombi ruhusa, haelezi sababu. Mwenye kazi alilalamikia posho mbili zilizoongezeka.

Tulianza saa moja asubuhi. Mama yule alishuka saa nne, akashuka tena saa saba kasorobo. Karai hazikusimama, na saa nane slabu ilikuwa imekwisha kupigwa rula, yaani kusawazishwa juu.