Nguzo iliyooza na mwamba wa Mwanza

Nguzo ya kona ya uzio wangu ilikuwa imesimama kwa sababu ya seng'enge tu. Pale inapoingia ardhini mti ulikuwa umelainika kama muhogo uliovundikwa. Nilichoma bisibisi ikazama yote. Juu palikuwa pazima kabisa.

Nilianza kuchimba shimo jipya pembeni. Huku kwetu Mwanza hiyo ni kazi ya kujitesa: sentimita 20 tu, mtaimbo ukagonga mwamba, mikono ikafa ganzi. Nikarudi kwenye shimo la zamani, maana aliyelichimba alishateseka kwa niaba yangu. Kisiki kiligoma, kimebanwa na mawe. Nilikipigilia msumari mkubwa, nikaufunga kamba, nikakinyanyua kwa ubao uliolazwa juu ya tofali. Kilitoka vipande vipande. Mabaki niliyachota kwa kopo.

Shimo liliishia sentimita 45, nami nilitaka 60. Basi nguzo mpya ya mkaratusi nikaiwekea mhimili wa mshazari upande wa ndani, kule seng'enge inakovutia. Zege sikumwaga. Nilishindilia mawe yenye pembe kidogo kidogo, kila mara nikitazama timazi, kwa sababu mawe yakishakaza hutainyoosha tena. Juu nikamalizia na udongo wa mfinyanzi, ukiinuka kuizunguka nguzo ili maji ya mvua yasituame. Ile ya zamani ilikuwa imekaa kwenye kidimbwi, ndicho kilichoiua.

Seng'enge niliikaza kesho yake. Jioni mbuzi wa jirani wakaja kujikuna.