Jioni ya 1 Yohana 5

Mihadhara ya Waislamu na Wakristo ilipopamba moto Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya tisini, vijana wa kwaya ndio tuliokuwa wabeba viti na spika. Jioni moja mhubiri wetu akaulizwa Utatu umeandikwa wapi. Akajibu bila kupepesa macho: 1 Yohana 5, "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja." Vigelegele vikarindima.

Ustadhi hakubisha. Alitoa Biblia ya Habari Njema, enzi hizo bado mpya mpya, akamkabidhi. "Mchungaji, tusomee hapo hapo."

Akasoma. Roho, maji na damu, basi; Baba na Neno hawamo. Akafunua ukurasa wa pili, akarudi nyuma, jasho linamtoka, na uwanja mzima takbiri. Mwishowe akasema wafasiri wameingiliwa na shetani. Jibu hilo ndilo lililoniaibisha, kuliko mstari wenyewe.

Nikaenda kumwamkia mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyewahi kufundisha theolojia. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kwani Luther aliuweka mstari huo? Katika Biblia yake ya Kijerumani haumo. Uliingizwa yeye akiwa kaburini."

Akanisimulia habari za Erasmus, msomi wa Kiholanzi wa enzi za Luther: Agano Jipya lake la Kigiriki la 1516 na la 1519 halikuwa na maneno yale, kwa kuwa hakuyakuta katika hati za Kigiriki, nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono, alizokuwa nazo. Akaandamwa. Ikaletwa hati moja iliyokuwa nayo, naye akayaweka mwaka 1522.

"Sasa Utatu tutautetea na nini, mchungaji?"

"Wazee wa kanisa waliokutana Nikea mwaka 325, na Konstantinopoli mwaka 381, kuitetea imani hii, hawakuutegemea mstari huo. Wewe unaulilia wa nini?" Akanifungulia Mathayo 28:19, penye ubatizo kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu.

Nikambana: basi wasomi wakisema lolote tunakubali? Akatikisa kichwa. "Hati namwachia msomi, anazijua kuliko mimi. Akiniambia wafu hawafufuki, hapo ameshaacha hati, na mimi simwachii."

Kwangu hilo lilikuwa jibu la maana, ila halikunitosha. Kati ya hati na kaburi tupu kuna mengi. Nikamuuliza: wasomi wengi wanasema Timotheo wa Kwanza hakuandikwa na Paulo, je, ile amri ya mwanamke asifundishe itakuwaje? Kanisa lake lilikuwa limeshaanza kubariki wachungaji wanawake.

"Hiyo," akasema, akitafuta miwani yake, "njoo siku nyingine, mwanangu."