Spoki za baiskeli ndani ya gitaa

Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli sokoni Bungoma, kwa hiyo spoki naijua hata gizani. Siku nilipolilaza lile gitaa kifudifudi juu ya meza ya jikoni, hapa Texas ninakoishi, nilicheka peke yangu. Vijiti vyote vya kuvutia nyuzi vilikuwa spoki, na zile nati zake nyembamba mwishoni.

Gitaa lenyewe ni stili la pedali. Halipakatwi. Linasimama kwa miguu minne kama meza nyembamba, lina nyuzi 10, na mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake huku miguu ikikanyaga na magoti yakisukuma ili kupandisha au kushusha sauti za nyuzi. Wengi tuliokulia Kenya tunaijua sauti hiyo bila kujua inatoka kwenye kitu gani: ni ile inayolia nyuma ya Charley Pride, yule mwimbaji wa country, redioni. Kwenye rekodi yake ya Panther Hall, Fort Worth, iliyotoka 1969, anayelipiga ni Lloyd Green.

Langu nililinunua kwa mjane mmoja mzee. Mumewe alikuwa mkerezaji vyuma kiwandani, na jioni akiunda magitaa gerejini. Aliunda manane tu. Hakuyabandika nembo, wala jina lake silitaji, mjane wake hakutaka. Paul Bigsby naye alianzia kwenye vyuma, kwa pikipiki za Crocker kule Los Angeles, kabla ya kuunda magitaa moja moja mjini Downey. 1948 akampa mpigaji Speedy West lake la pedali. Zane Beck anakumbukwa kwa vile vyuma vya kusukuma kwa goti. Fundi wangu huyu anakumbukwa na mkewe, na sasa na mimi.

Gitaa lilikuwa halishiki sauti. Pedali ya kwanza huvuta uzi wa 5 na wa 10 kutoka noti ya B hadi C#. Nikikanyaga, inafika vizuri. Nikiachia, uzi haurudi B, unabaki juu kidogo, kiasi cha kukera sikio. Mimi kwa ujuaji wangu nikaanza kukaza nati. Wiki mbili nakaza na kulegeza, nikirekebisha hapa panaharibika pale, mpaka spoki moja ikanikatikia mkononi.

Hapo ndipo nilipoacha kushindana nalo na kulitazama. Nyuzi zinapita juu ya vidole vidogo vya alumini, na kila kidole kinazunguka kwenye mhimili mmoja. Mafuta ya zamani yalikuwa yameganda katikati yake kama gundi. Nati hazikuwa na kosa lolote. Vidole vilikuwa vimechoka kurudi. Nikavisafisha kwa ile petroli nyepesi ya viberiti vya chuma, tone kwa tone, huku nikikanyaga na kuachia, na uchafu mweusi ukawa unatiririka kwenye kitambaa. Nikamalizia na mafuta ya cherehani, kidogo sana. Kidole cha uzi wa 3, ule mwembamba unaokatika ovyo, kilikuwa kimechimbika mfereji. Nikakipiga msasa laini wa 1500 mpaka kikang'aa.

Spoki ilinipeleka duka la baiskeli. Hesi ya spoki haichongwi kirahisi nyumbani, kwani kiwandani huifinyanga kwa kuibana, hawaikati. Basi nikanunua spoki ndefu ya milimita 2, upande wenye hesi nikauacha kama ulivyo, upande wa pili nikaukata na kuupinda kwenye jiliwa, kama baba alivyonifundisha nikiwa darasa la sita. Nati ikapanda yenyewe. Nadhani hiyo ndiyo sababu yule fundi alichagua spoki: hesi ipo tayari, nati ipo tayari, na unarekebisha sauti kwa kuizungusha tu.

Kilichobaki ni pedali ya kwanza. Ilikuwa juu kuliko wenzake, karibu sentimita nzima. Nilidhani ni kazi mbovu, nikawa nimeshaandaa tupa. Bahati nzuri nilimpigia simu yule mama mjane kwanza, kumuuliza kama kuna vipuri vilivyobaki.

"Hiyo iache," akasema. "Kifundo cha mguu wake wa kushoto hakikuwa kinapinda. Alianguka akiwa kijana."

Kumbe! Pedali mbili za kwanza hukanyagwa kwa mguu mmoja, ukiuinamisha upande huu na huu. Asiyeweza kuuinamisha mguu ainuliwe pedali. Tupa nikairudisha sandukuni. Miezi mitatu sasa mguu wangu umeizoea, ila nikikaa kwenye gitaa la mtu mwingine nakanyaga hewa.

Mwezi jana nilimpigia tena, nikaweka simu juu ya kiti, nikampigia wimbo mmoja wa polepole, makosa yake mengi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mbona halipigi kelele?" akauliza.

"Kelele gani, mama?"

"Ile ya pedali. Kwii, kwii. Usiku nilikuwa nalala nikiisikia kutoka gerejini, najua yupo."

Nikamwambia nimelitia mafuta.

"Aa," akasema. "Sawa."