Muhogo wa nazi niliomkatalia mama

Saa tisa usiku niliamshwa na kishindo cha bilauri kuanguka. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imelowa jasho, mikono inamtetemeka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Nikamtoboa kidole. Kipimo cha sukari kikasoma 2.9. Kwa mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini, dawa ya kushusha sukari, chini ya 4 ni hatari.

Kumeza bado aliweza, alhamdulillah. Nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikamnywesha taratibu. Zikabaki dakika 15 za kungoja nipime tena. Mtaa wetu wa Ngamiani mzima kimya, na mimi nimemshika mkono nikimsomea. Nimemuuguza miaka sita, sijaona muda mrefu kama ule. Ikasoma 4.8. Akanitazama: "Mbona hujalala, mwanangu?" Nikampa ndizi na kipande cha mkate ili isishuke tena.

Sababu naijua. Jioni nilimchoma sindano kama kawaida. (Friji hatuna. Kichupa cha insulini tunakitia kwenye mkebe unaofunga vizuri, kisha mkebe ndani ya mtungi wa udongo. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetufundisha, na mtungi haujatuangusha hata siku za joto kali.) Kisha nikaiona sahani yake, muhogo wa nazi umejaa pomoni. Nikafoka. "Mama, unataka kukatwa mguu kama mama mkubwa?" Nikaiondoa, nikamwekea mchicha na kipande cha samaki. Hakujibu kitu. Nikaenda kuosha vyombo.

Asubuhi nimeikuta sahani chini ya kawa, haijaguswa. Dawa ilikuwa mwilini, chakula hakikuwepo.

Nimelia jikoni. Kilichoniumiza zaidi ni lile jina aliloniita usiku. Mimi ndiye niliyemlaza na dadake kichwani. Nimefungua daftari la vipimo, kurasa na kurasa, kila namba iliyopanda nimeizungushia wino mwekundu kama mwalimu. Hakuna mahali nilipoandika siku ile alikula nini kwa raha, au alikuwa na huzuni gani.

Jioni ya leo kichupa hakikutoka mtungini mpaka chakula kilipokuwa mbele yetu. Nimemwomba radhi. Nikamwekea muhogo vipande vitatu, mchicha mwingi, tukakaa mkekani sahani moja.

Akakisogeza kipande kimoja upande wangu. "Hiki kikubwa, mwanangu. Kula wewe."