Nilivyoizima redio ya paani kwetu

Ramadhani ya mwaka 2016 ilituangukia Juni, kusi, upepo wa kusini, limeshashika. Mimi ni fundi redio, meza yangu iko Darajani, mjini Zanzibar, na nyumbani ni Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Siku ya kumi na moja ya mfungo alinijia ami yangu, mvuvi wa mtaa wa Malindi wa hapa hapa mjini, kaishika redio yake ndogo kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hebu nitazamie hii. Asubuhi inasema vizuri. Ikifika alasiri inaacha habari inatoa darsa."

Nikaifungua. Nikajaribu betri nyengine, nikasafisha kitufe cha sauti, nikapitisha bisibisi kwenye kila solda. Haina ugonjwa. Nikamwambia akae, tuisubiri hiyo alasiri. Tukaswali, tukarudi, nikaiweka redio juu ya meza kwenye kituo chake kile kile cha kila siku. Haukupita muda ikaanza kukoroma. Sauti ya mtangazaji ikawa inazama na kuibuka, inazama na kuibuka, mwisho ikazama moja kwa moja, na mahali pake akaingia Maalim anasomesha hukumu za funga. Maalim wa msikiti wetu. Na mtambo uliokuwa ukimrusha niliuunda mimi kwa mikono yangu, upo juu ya paa la jumba letu.

Ami hakujua. Akasema tu, "Umesikia? Juzi tangazo la upepo sikulipata kwa ajili ya hii. Tumetoka usiku, alfajiri tumerudi mlingoti umepasuka na nyavu mbili zimebaki huko huko." Nikamrudishia redio yake, nikamwambia haina kitu, nitamfuata nyumbani. Sikuweza kumwambia pale pale, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Sisi watu wa visiwani tangazo la bahari tunalijua thamani yake. Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 upande wa Nungwi. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikafuata Skagit karibu na Chumbe, kusi likivuma. Mitaani kwetu hakuna asiyemjua mtu aliyezika, au aliyekosa hata wa kumzika. Nami nilikuwa nimemfunika mtangazaji wa hali ya hewa kwa mtambo wa wati 15.

Nieleze ulivyoanza. Wanawake wa jumbani kwetu walikuwa hawaipati darsa ya alasiri. Wengine watu wazima, ngazi zinawashinda. Wengine wako jikoni, tambi zi motoni, watoto miguuni. Wakati huo nina ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi London ya mashariki, na kila akipiga simu alikuwa akinisimulia redio zisizo na leseni za kule. Kwamba vijana hupanda juu ya maghorofa ya serikali wakasimamisha antena, studio wakaiweka nyumba nyengine mbali, na katikati wakaunganisha kwa mawimbi, ili wakaguzi wakija waondoke na antena na mtambo tu. Siku ya pili antena nyengine iko juu. Nilikuwa nikimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mashujaa. Nikatazama paa letu, nikaona na sisi ghorofa tunalo.

Nikaunda. Mabomba mawili ya shaba yakawa antena, mlingoti ukawa wa bomba la maji, sanduku la mtambo nikaliziba kwa nailoni lisiingie mvua. Masafa niliyachagua kwa kuzungusha redio yangu chumbani mpaka nikapata pahala kimya. Hapo ndipo nilipokosea mwanzo kabisa: kimya cha chumbani kwangu hakikuwa kimya cha kisiwa kizima. Mwenye redio juu ya ngalawa, hana ukuta wala jumba mbele yake, anavipata vituo ambavyo mimi sivipati.

Lakini sitaidharau furaha ya siku ile ya kwanza. Mtu ukipita chini ya jumba baada ya alasiri unamsikia Maalim dirisha hili, unamsikia dirisha lile, ghorofa ya kwanza mpaka ya juu, sauti moja, harufu ya uji na ya bajia, na akina mama wakisikia jambo wanaitana kwa madirishani: "Umeisikia hiyo?" Bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, miaka mingapi hajashuka ngazi, alinitumia bakuli la tambi kila siku kwa siku kumi. Watu wanaosema redio hizi ni za wahuni hawajawahi kukaa karibu na anayezihitaji.

Usiku ule wa ami, baada ya tarawehe, nilipanda paani na redio ya mfukoni na tochi. Masafa ya mtambo nilikuwa nimeyaweka usiku, kumepoa. Mchana jua linakaa juu ya lile sanduku la nailoni, ndani kunakuwa tanuri, koili na kapasita, ndizo zinazoamua masafa, zinabadilika na masafa yanateleza. Mitambo ya haki ina saketi inayoyafunga masafa yasitembee. Wangu haukuwa nayo, niliona ni gharama. Nikauwasha, nikaupasha moto kwa pasi ya solda, huku nikifuata sauti kwenye redio: ulihama karibu megahezi 0.4. Kituo cha FM kinataka nafasi kama ya megahezi 0.2. Kwa hiyo kila alasiri nilikuwa nikitoka kwenye pahala pangu pakavu nikimpanda jirani mabegani.

Nikakaa pale paani nikifikiri na mengine ambayo nilikuwa nayajua na nimeyafumbia macho. Redio za FM zinaishia 108. Kuanzia 108 mpaka 137 ni masafa ya ndege, ya vyombo vinavyomwongoza rubani na ya mazungumzo yake na mnara. Mtambo usio na filta, yaani chujio la mawimbi, hautoi sauti moja tu. Tena ukikaa karibu na mwengine huchanganyika nao: mmoja ukiwa kwenye 104 na mwengine kwenye 98, baina yao inaweza kuzaliwa sauti ya tatu kwenye 110, na hiyo imo ndani ya masafa ya kumnyoosha rubani na njia ya kutua. Kutoka paa letu, ndege zinazoshuka Kisauni unaziona taa zake.

Nikachomoa waya wa umeme. Kisha nikakata na waya wa antena, nisije nikajibembeleza asubuhi.

Kuzima kulikuwa dakika moja. Kazi ilikuwa watu. Siku ya pili alasiri ikapita kimya, na kabla ya futari nimeshagongewa mlango mara tano. Bibi wa ghorofa ya tatu alimtuma mjukuu wake: "Bibi anauliza, amekukosea nini?" Wazee wa msikiti wakaniita barazani. Mmoja akasema nia yetu njema, Mungu anaiona. Mwengine akasema tuusogeze kidogo tu, uende pembeni, nani atajua? Wa tatu akataka tuurushe usiku peke yake. Niliwaeleza habari ya koili na joto, nikaona macho yao yananitazama kwa heshima na hayanielewi. Nikaacha fizikia. Nikamwomba Maalim, kesho baada ya alfajiri tufuatane Malindi.

Ami tulimkuta ufukweni anashona wavu. Nikamwambia mbele ya Maalim: ami, redio yako haikuwa mbovu, aliyekufunika ni mimi. Alinyamaza muda mrefu, sindano ya kushonea mkononi. Kisha akauliza, "Ulipokuwa ukiiunda, hukunikumbuka kwamba mimi niko kule?" Sikuwa na jibu. Maalim akamwomba radhi kwa niaba ya msikiti, akamtaka na yeye atuhadithie usiku ule ulivyokuwa, na ami akahadithia: wimbi lililovunja mlingoti, kijana aliyekuwa akikumba maji mpaka mikono ikachubuka. Siku ile ile Maalim akapanda mimbari baada ya adhuhuri akayasema yote, hakuacha hata jina la kazi yangu. Msikiti ukachanga wavu mmoja, nikanunua wa pili. Hakuna aliyenitaka tena niurudishe mtambo.

Vijana wa mtaa mwengine walikuja kutaka kuununua. Nikawaonesha nilivyokwisha kuikata transista ya mwisho, ile ya nguvu, na antena nikawapa wauze shaba.

Baada ya Idi nilikwenda kuuliza njia ya halali, maana nilitaka kujua kama ipo. Kwetu utangazaji unasimamiwa na Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 1997, na masafa yenyewe yanatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Nikasema ukweli wangu wote, kwamba ulikuwepo na nimeuzima. Nilisikilizwa kwa upole kuliko nilivyotarajia. Redio za jamii zipo, Micheweni kule Pemba wanayo, Tumbatu wanayo, Makunduchi wanayo, lakini hizo zinasemea jamii nzima, zina watangazaji na habari na bodi. Sisi tulikuwa na msikiti mmoja, saa moja kwa siku, mwezi mmoja kwa mwaka. Nilitoka nikijua kwamba tulichokihitaji hakikuwa masafa.

Nikampigia ndugu yangu wa London nikamwambia. Ndipo akanimalizia hadithi aliyokuwa akinipa nusu. Kwamba Kiss FM, ambayo vijana wa kule waliipenda tangu 1985 ikiwa haina leseni, ilijizima yenyewe mwisho wa 1988 ili iombe leseni. Ombi la kwanza likakataliwa, ikaomba tena, na mwaka 1990 ikarudi hewani kwa haki. Kwamba Rinse FM ilianza 1994 na leseni ikaipata 2010, miaka kumi na sita. Nikamuuliza kwa nini hili hukuniambia mwanzo? Akasema, "Hukuniuliza, kaka. Ulikuwa unauliza antena tu." Baadaye nikasoma kwamba Marekani wamepitisha sheria mwaka 2020, iliyoweka faini ya kufika dola 100,000 kwa siku, mpaka dola milioni 2, na mwenye jengo anayejua kinachofanyika juu ya paa lake naye hasalimiki. Pengine faini kama hizo zinahitajika kwenye miji ile mikubwa. Mimi lilinitosha swali la ami.

Jawabu la darsa lilikuwa msikitini siku zote. Amplifaya yetu, ya wati 120, ina matundu nyuma yaliyoandikwa volti 70 na volti 100, na hakuna aliyewahi kuyatumia, honi za mnara zinafungwa kwengine. Hayo ni ya kupelekea sauti mbali kwa waya mwembamba. Volti zikipanda mkondo unashuka: wati 120 kwa volti 100 ni ampea 1.2, wakati kwenye spika za kawaida za omu 4 ni zaidi ya ampea 5, na waya mwembamba ukifika mita mia mbili umeshakula sehemu kubwa ya sauti. Kila spika inawekewa transfoma yake ndogo. Nikachagua wati 3 kwa kila nyumba, nyumba ishirini na nne zikala wati 72, na amplifaya haikutoka hata jasho.

Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alitupa ruhusa, na ofisi inayoangalia majumba nayo ikakubali kwa sharti kwamba waya usipite pamoja na wa umeme na usishikwe na mkono wa mtoto. Volti 100 si za kuchezea, hivyo viungo vyote nimeviweka ndani ya maboksi ya plastiki yenye skrubu. Wale vijana waliotaka kuununua mtambo ndio walionivutia waya, ghorofa kwa ghorofa, kwa siku nne za Shaabani ya mwaka uliofuata. Mmoja wao sasa ana meza yake Darajani, mbili kutoka yangu.

Kila spika ina kitufe chake. Bibi wa ghorofa ya tatu amekifunga kitufe chake kwa uzi mwekundu, asije mjukuu akakipunguza. Nyumba za upande wa pili wa barabara bado hazina, kwa sababu waya hauwezi kuvuka barabara ile na sikubali kuupitisha juu kwa nguzo. Hao tunawarikodia. Baada ya tarawehe watoto wanapita na memori kadi, wanachukua ya jana wanaacha ya leo, na kila bibi ameandika jina lake kwenye yake kwa wino.

Ami huja mezani kwangu kila mwanzo wa kusi. Hana anachotengeneza. Anaiweka redio yake juu ya meza baada ya alasiri, anaisikiliza mpaka tangazo la upepo liishe, halafu anaizima, anaitia mfukoni, anakwenda Malindi.